Sura ya Sita: Uzito Uende Viganjani

Aliyevunjika mguu akikabidhiwa magongo marefu, aghalabu huyaegemea kwapani. Ndipo madhara yanapoanzia. Kwapani hupita mishipa ya fahamu inayoelekea mkononi, ukiwemo ule unaoinua kifundo cha mkono. Ukigandamizwa kila siku, vidole hufa ganzi, na baadaye kiganja hulegea na kuning'inia. Mguu unapona, mkono unaugua. Uzito wa mwili sharti ushukie viganjani. Kichwa cha gongo hubanwa ubavuni ili lisiyumbe, basi.

Vipimo vyote vinafuata kanuni hiyo. Simama wima, umevaa kiatu utakachotembelea. Kati ya kwapa na kichwa cha gongo ipite nafasi ya vidole viwili au vitatu. Ukiachia mikono, mshikio uwe usawa wa kifundo, ili ukiushika kiwiko kikunjike kidogo, nyuzi 20 hadi 30. Gongo refu huchoma kwapa; fupi hukuinamisha.

Kabla ya hatua ya kwanza, muulize daktari mguu umeruhusiwa kubeba kiasi gani. Mwingine hapaswi kugusa chini kabisa, mwingine hugusisha tu, mwingine hupangiwa kilo. Huyu wa kilo akanyage mizani ya kupimia uzito mpaka mguu uizoee nguvu hiyo. Aliyeruhusiwa kukanyaga hutanguliza magongo na mguu ulioumia, hukandamiza mishikio, kisha huvusha mguu mzima. Aliyekatazwa huuinua mguu ulioumia muda wote.

Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda kwa kuwa ndio wenye nguvu ya kuinua mwili. Mguu ulioumia na magongo hufuata. Wakati wa kushuka mambo hugeuka: magongo kwanza, mguu ulioumia, halafu mzima. Mguu unaobaki juu ndio unaouteremsha mwili polepole, kwa hiyo kazi hiyo apewe mwenye nguvu.

Nyumbani, kunja mikeka na ukaushe vigae kabla ya kupita. Kandambili ziwekwe kando, na kanga ifungwe juu ya vifundo vya miguu. Kwa choo cha kuchuchumaa, fundi atoboe kiti imara katikati. Mipira ya ncha za magongo ikilika mpaka ikawa laini, ibadilishwe; sakafu yenye maji haitakusamehe.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa: nenda hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikatika ghafla, usingoje hata saa moja.

Siku utakapoambiwa ubaki na gongo moja, mkono utakutuma kulishika upande wa mguu ulioumia. Lishike upande wa mguu mzima. Ukitembea kawaida, mkono wa kulia huenda mbele pamoja na mguu wa kushoto. Gongo likifuata mwendo huo, hupokea sehemu ya uzito kila mguu dhaifu unapokanyaga, nawe hulazimiki kuegemea upande unaouma.