Bohari iliyofungwa ndani ya kadi ya sauti

Mwaka 1994 kampuni ya Creative ya Singapore ilitoa kadi ya sauti iitwayo Sound Blaster AWE32. Ni kipande kirefu cha kuchomeka ndani ya kompyuta, na hata leo kinatafutwa na wale wanaofufua mashine za miaka ile. Wengi huisifu kwa muziki wake. Wachache hujiuliza sauti hizo zinakaa wapi, na anayetaka kuzigusa apite njia gani.

Chipu yake kuu, EMU8000, ni kazi ya E-mu Systems ya California, watengenezaji wa vinanda vya umeme, ambao Creative iliwanunua mwaka 1993. Kadi ina megabaiti 1 ya kumbukumbu ya kudumu, ambamo sauti za piano, filimbi, ngoma na ala nyinginezo zilikwisha kutiwa kiwandani. Kando yake zipo kilobaiti 512 tupu, na hapo ndipo penye utamu. Mtu aliyerekodi zeze la babu yake aliweza kulitia humo, kisha akalipiga kwa kibodi, likapanda na kushuka noti kwa noti kama kwamba lilizaliwa piano.

Nafasi hiyo, hata hivyo, ni finyu. Kwa kipimo cha sahani za CD, yaani vipimo 44,100 kwa sekunde, hutosha sauti ya mkondo mmoja isiyofika sekunde 6. Ndiyo maana zikawekwa soketi mbili za kuongezea kumbukumbu, za aina ya SIMM yenye pini 30. Vipande huingizwa viwili vinavyolingana, kwa sababu kila kimoja hubeba biti 8 tu, na EMU8000 husoma biti 16 kwa mkupuo. Anayechomeka megabaiti 32 atapata 28 za kutumia. Hakuibiwa. Chipu huhesabu anwani za megabaiti 32 kwa jumla, na 4 za mwanzo zimetengwa kwa ajili ya kumbukumbu ya kudumu, hata kama iliyomo ni 1 tu.

Sasa tuje kwenye mlango. Kumbukumbu hii, ndugu msomaji, haionekani kabisa na kompyuta yenyewe. Ni bohari iliyofungwa, yenye dirisha dogo na karani mmoja. Programu haiwezi kuingia na kuchukua mzigo. Husimama dirishani, ikataja namba ya rafu, ikakabidhi neno moja la biti 16, kisha la pili, kisha la tatu. Karani ana hisani moja: akishatajiwa rafu ya kwanza, husogea mwenyewe hadi inayofuata. Kuijaza ile kilobaiti 512 ni kukabidhi maneno 262,144, moja baada ya jingine.

Nao wachukuzi ni nani? Ni zile zile sauti za kadi. EMU8000 ina sauti 32 zinazoweza kulia pamoja, na programu inayotaka kuandika au kusoma kumbukumbu huziazima baadhi yake zifanye kazi ya kubeba. Sauti iliyo kwenye uchukuzi haiimbi. Basi ndiyo maana ala mpya hupakiwa kabla ya wimbo kuanza.

Kusoma kuna mtego ambao umewapotezea watu usiku mzima. Ukitaja rafu na kuomba kilichomo, neno la kwanza utakalopewa si la rafu hiyo. Ni mzigo uliobaki mkononi mwa karani tangu safari iliyopita. Sharti ulipokee na kulitupa, usubiri, ndipo usome la pili, ambalo ndilo la kweli. Asiyejua hili atadhani kumbukumbu yake ni mbovu, na huenda akatupa kifaa kizima kisicho na kosa lolote.

Kuna jingine. Kumbukumbu ya aina hii husahau upesi isipokumbushwa mara kwa mara, na kwenye AWE32 kazi hiyo kwa kawaida hupewa sauti mbili za mwisho. Zinazobaki kwa muziki ni 30. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ile 32 iliyoandikwa kwa fahari katika jina ilitiwa chumvi kidogo.

Anayenunua kadi kuukuu na kutaka kujua ina kiasi gani cha kumbukumbu hana haja ya kumwamini muuzaji. Programu ya kupima huandika alama katika rafu ya kwanza, kisha husonga mbele hatua kwa hatua ikiandika na kusoma. Alama isiporudi, hapo pana ukuta. Na iwapo kuandika mbali kumefuta alama ya mwanzo, maana yake karani ameishiwa na rafu, akazunguka na kurudi alikoanzia.

Lakini kubwa kuliko hayo ni hatari ya kupotea kwa kazi za watu. Faili la wimbo wa MIDI halina sauti ndani yake. Lina maagizo tu: piga noti hii, kwa ala namba fulani, kwa nguvu kadhaa. Zeze lenyewe limo katika faili jingine, liitwalo SoundFont, nalo hupakiwa upya kila kompyuta inapowashwa, kwani umeme ukikatika bohari hubaki tupu. Mwenye wimbo aliyehifadhi maagizo bila ala atasikia sauti nyingine, au ukimya.

Je, diski ikifa ilhali mashine ingali inawaka? Sauti zinaweza kusomwa kupitia lile dirisha na kuokolewa. Zitatoka zimeshikamana kama uzi mmoja mrefu. Ni wapi zeze linaanza na wapi linaishia, ni sehemu ipi irudiwe ili noti idumu, hayo kadi haiyaweki katika bohari. Yalikuwa kwa programu. Itabidi mtu akae na kusikiliza, akikata kipande kwa kipande kwa sikio lake. Kwa hiyo mwenye mashine ya namna hii, kabla hajaizima ili aisafishe vumbi, na anakili kwanza mafaili yote mawili.