Ruzuku au Ujira?

Katika tafsiri nyingi tuzisomazo, kila fedha itokayo serikalini kwenda kwa msanii huitwa ruzuku. Twaona neno hili limetwishwa mzigo usio wake.

Kuruzuku ni kujaalia riziki. Mwambao mzima, toka Tanga hadi Pangani, Mola ndiye aruzukuye. Ofisini, ruzuku ni fedha ya kusaidia, isiyorudishwa. Lakini fundi anakshiye mlango Pangani hapewi ruzuku. Hulipwa ujira, na akipunjwa ana haki ya kudai.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliangusha bei ya mkonge, na mashamba ya Tanga yakaumia. Huko Marekani mdororo huo huo uliwakosesha kazi wachoraji na wachongaji, hao tuwaitao wasanii wa sanaa za ufundi. Kuanzia 1935 hadi 1943 serikali yao iliwaajiri maelfu, wakapamba kuta za shule na hospitali, nao wakalipwa kwa kazi hiyo. Mfasiri akiandika kwamba walipewa ruzuku, amemgeuza mfanyakazi kuwa mwombaji.

Mkopo nao, kama ule wa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wa hapa kwetu, si ruzuku, maana hurejeshwa. (Wapo wakopaji wapendao kusahau hilo.)

Kwa hiyo, halmashauri ya mji ikiagiza sanamu kwa ajili ya bustani yake, twapendekeza karani aandike ujira katika hesabu, hata kama nia ya madiwani ilikuwa kumnusuru mchongaji.