Nani Anasema? Ubaguzi wa Rangi katika Riwaya ya Conrad

Joseph Conrad alisafiri katika Mto Kongo mwaka 1890. Riwaya yake, Heart of Darkness, ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1899. Katika mhadhara wa mwaka 1975, Chinua Achebe alimshutumu kwa ubaguzi wa rangi. Watetezi wake hujibu kwamba msimulizi ni Marlow, si Conrad, na kwamba riwaya yafichua unyama wa ukoloni. Jibu hilo halitoshi. Tuchunguze nani hupewa maneno: Waafrika wanasemeshwa katika sehemu mbili tu, tena kwa Kiingereza kibovu, ilhali Kibobangi kilikuwa lugha ya biashara mtoni humo. Kulaani uporaji wa pembe za ndovu bila kuwasikiliza wenyeji ni kuwahurumia huku ukiwanyima utu.