Waridi Lisilo Waridi

Apitaye Mutomo, kusini mwa Kitui, wakati wa kiangazi hukutana na kioja mawemawe: kijiti kisicho na jani, shina limefura kama mtungi, nacho kimesheheni maua ya rangi ya waridi. Wataalamu hukiita Adenium obesum. Wauza miche, waridi la jangwa.

Jina hilo, tafsiri sisisi ya Kiingereza, linapotosha. Mmea huu ni wa ukoo wa Apocynaceae, hauna nasaba na waridi. Labda rangi ya ua ndiyo iliyozaa kosa. Nami nilihadaika: niliumwagilia wangu kila asubuhi, ukaoza shina.

Shina hilo ndilo ghala lake la maji. Basi upandwe katika mchanga wenye kokoto, chungu kiwe na matundu, upate jua la kutwa, na umwagiliwe udongo ukishakauka kabisa. Miezi ya baridi, kwa nadra sana. Mbegu ni bora kuliko kipandikizi, ambacho mara nyingi hukosa kitambi kinachotamaniwa. Kuung'oa porini ni kuiba miaka mingi ya ukuaji.

Aidha, neno “waridi” halimwonyi mtu juu ya utomvu wake. Ni sumu, na wawindaji wa Afrika Mashariki waliipaka mishaleni. Ukiupogoa, nawa mikono, na matawi yasiachwe watoto wakayachezea.