Habari ya Damu Tamu Iishe Sasa

Masika yakianza tu, wataalamu wa mbu hujua swali gani linakuja. Huulizwa kliniki, huulizwa redioni simu za wasikilizaji zinapofunguliwa, huulizwa hata msibani ikijulikana kwamba fulani kazi yake ni kuchunguza wadudu: “Daktari, nile nini ili damu yangu isiwe tamu kwa mbu?” Muulizaji huwa na ushahidi wake tayari. Walikaa watu watatu kwenye baraza moja, jioni moja. Yeye akaondoka na vipele miguu mizima, wenzake hawana hata kimoja. Na kabla hajajibiwa, jirani amekwisha kumtajia dawa: kitunguu saumu kibichi asubuhi na jioni, vidonge vya vitamini B, na chai ya sukari aiache.

Ni kweli mbu hubagua watu. Habari ya damu tamu ndiyo ya uongo, tena ni uongo unaowagharimu watu afya yao.

Sukari ndiyo inayosingiziwa zaidi. Damu yote ya mtu mzima mwenye afya, lita tano hivi, ina sukari ya takribani gramu tano, yaani kijiko kimoja cha chai. Mbu mwenye hamu ya sukari hana haja ya kuhatarisha maisha yake kwa kijiko hicho. Anakwenda kwenye maua, na huko ndiko dume na jike wanakopata nguvu za kurukia. Dume hanywi damu maisha yake yote. Jike huja kwa binadamu kutafuta protini ya kutengenezea mayai. Maabara zimelithibitisha hilo kwa njia rahisi: jike akipewa maji ya chumvi yaliyopashwa moto na kutiwa ATP, kemikali iliyomo katika kila seli hai, hunywa mpaka tumbo likavimba, bila tone la damu wala punje ya sukari.

Kasoro kubwa zaidi ni ya mpangilio wa mambo. Ili mbu achague damu kwa utamu wake, ingembidi aionje kwanza. Lakini uamuzi huanza mita kadhaa kabla, gizani, yeye angali hewani. Anayeitetea damu tamu aeleze basi mbu aliyeko nje ya dirisha anaionjaje damu ya mtu aliyelala kitandani.

Kinachomfikia huko nje ni pumzi. Hewa anayoitoa mtu ina kaboni dioksidi kama asilimia 4, ilhali hewa ya kawaida ina asilimia 0.04 hivi. Mbu huinusa kwa vijipapasio viwili vilivyo kando ya mrija wake wa kufyonzea. Harufu hiyo haimjii kwa mkupuo. Upepo huikatakata ikawa nyuzi nyuzi. Akigusa uzi mmoja, huruka kuelekea upepo unakotoka. Akiupoteza, huyumba kulia na kushoto mpaka aupate tena. Hadi hapo anajua tu kwamba kuna kiumbe anayepumua, awe mbuzi, ng’ombe au mtu. Akisogea karibu, vipapasio virefu vya kichwani huongezea habari: amonia, asidi ya laktiki na, muhimu kuliko vyote, asidi za kaboksili zinazotokana na mafuta ya ngozi. Hapo ndipo mtu anapojulikana kuwa mtu, na ndipo mtu mmoja anapopendwa kuliko mwenzake. Joto na unyevu wa ngozi humaliza kazi, akishafika karibu kabisa.

Nyingi kati ya harufu hizo hupikwa na bakteria wanaoishi juu ya ngozi. Jasho likiwa bichi halimvutii sana mbu wa malaria. Likikaa, bakteria wakalichakata, ndipo linapomwita. Mwaka 1996 Waholanzi Bart Knols na Ruurd de Jong walionyesha kwamba Anopheles gambiae, mbu wa malaria anayependa kuuma miguuni, huvutwa na jibini la Limburger, ambalo bakteria wake ni ndugu wa wale wanaokaa katikati ya vidole vya miguu. Mwaka 2011 kundi jingine la watafiti liliwapima wanaume 48 na kukuta kwamba waliovutia sana mbu walikuwa na bakteria wengi wa aina chache, ilhali wasiovutia walikuwa na aina nyingi tofauti.

Afrika Mashariki yenyewe ina ushahidi wa kutosha. Taasisi ya Afya Ifakara, bondeni Kilombero nchini Tanzania, imetumia hata soksi zilizovaliwa na watu kuwanasa mbu. Mwaka 2010 mtafiti wake Fredros Okumu na wenzake waliripoti mchanganyiko wa amonia, kaboni dioksidi na asidi za ngozi ambao, ukiwekwa katika kibanda chake peke yake, ulivuta mbu mara 3 hadi 5 kuliko mtu aliyelala kibanda kingine. Mtu na mchanganyiko walipowekwa kibanda kimoja, mtu alivutia sawasawa nao au zaidi. Hakuna damu katika mchanganyiko huo. Hakuna utamu. Mbu walikuja.

Marekani nako, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, watu 64 walivalishwa soksi ndefu za nailoni kwenye mikono, na harufu za soksi hizo zikashindanishwa mbele ya Aedes aegypti, mbu wa homa ya dengi. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Aliyeongoza aliwavuta mbu kama mara 100 kumshinda wa mwisho, na waliovutia sana walikuwa na asidi za kaboksili nyingi zaidi ngozini. Walipopimwa tena kwa kipindi cha miaka, mpangilio ulibaki ule ule. Ngozi ya mtu haibadilishi tabia kwa sababu ya supu ya juzi.

Sasa dawa za jirani. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo kila mshiriki alipimwa mara moja akiwa amekula kitunguu saumu na mara nyingine akiwa amepewa kitu kisicho nacho, pasipo yeye wala mpimaji kujua kipi ni kipi. Mbu waliuma na kunywa bila kuonyesha tofauti. Kunuka kitunguu mbele ya abiria wa daladala si ushahidi kwamba mbu amekereka. Pua ya abiria na ya mbu hazifanani. Vidonge vya vitamini B1 vimechunguzwa mara nyingi bila faida yoyote kuonekana, na tangu 1985 mamlaka ya dawa ya Marekani haikubali vidonge vya kumeza viuzwe kama kinga ya mbu, kwa kukosa ushahidi kwamba vinafanya kazi. Hiyo ni zaidi ya miaka 40! Bado kuna anayetoa hela ya chakula cha watoto kuvinunua.

Kuna jambo moja ambalo wapenzi wa dawa za kumeza watalidaka, kwa hiyo bora lisemwe wazi. Huko Macha, Zambia, watafiti walijenga uwanja mkubwa wa wavu na kuuingizia harufu za watu sita waliolala kwenye mahema kandokando yake. Aliyevutia mbu kidogo kuliko wote alikuwa na asidi za kaboksili chache na, kwa wingi, kemikali moja inayopatikana kwenye mkaratusi. Matokeo hayo ya mwaka 2023 yanahusu mtu mmoja kati ya sita. Hayampi mtu yeyote ruhusa ya kunywa mafuta ya mkaratusi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto.

Wala harufu moja ikizibwa mbu hapotei. Wanasayansi wamezima jeni ya mbu ambayo vipokezi vingi vya harufu haviwezi kufanya kazi bila hiyo, na Aedes wakaendelea kumpata binadamu.

Madhara ya imani hii yanaonekana chumbani. Anayejiamini kuwa damu yake ni chungu ndiye anayeacha chandarua, kumbe mara nyingi yeye huumwa vilevile ila ngozi yake haivimbi; kipele ni mwili unavyoyapokea mate ya mbu, na miili hutofautiana. Tena mvuto unaweza kupanda bila mtu kujua. Magharibi mwa Kenya, mwaka 2005, iliripotiwa kwamba watoto wenye vimelea vya malaria vilivyofikia hatua ya kumwingia mbu waliwavuta mbu karibu mara mbili ya wenzao, na walipotibiwa tofauti hiyo ikaisha. Nchini Gambia, mwaka 2000, ilionekana kwamba wajawazito huvuta mbu wa malaria mara mbili ya wanawake wasio na mimba: hutoa pumzi nyingi zaidi na tumbo lao lina joto zaidi.

Yanayofaa ni haya, kwa haraka. Chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro pande zote. Harufu ya aliyelala huwaleta mbu kwenye dawa, na kwa kuwa huzungukazunguka zaidi juu ya kiwiliwili chake, tundu la juu lishonwe leo. Dawa ya kupaka iwe na DEET, ikaridini au PMD, na ipakwe ngozi yote iliyo wazi, maana mbu atatua palipoachwa. Katika jaribio la mwaka 2002, DEET ya karibu asilimia 24 ilikinga kwa takribani saa tano. Bidhaa za sitronela hazikumaliza dakika 20, na bangili za kuvaa mkononi hazikukinga kitu. PMD isipakwe kwa mtoto chini ya miaka mitatu, wala DEET kwa kichanga chini ya miezi miwili. Barazani jioni zivaliwe soksi na suruali ndefu, kwa kuwa mbu wa malaria huuma zaidi chini ya magoti mtu akiwa amekaa. Feni iwashwe: hutawanya harufu na mbu hawezi kushindana na upepo wake. Madirisha yawekwe wavu. Maganda ya machungwa yatupwe jalalani badala ya kuchomwa kufukuzia mbu, na moshi usijazwe chumba wanamolala watoto.

Mjamzito anayepewa chandarua kliniki akitandike usiku huo huo juu ya kitanda chake mwenyewe, hata kama anayelalamika kuumwa nyumba nzima ni mume wake.