Kazi Iliyoanza Wenzao Wakistaafu

Mtumishi wa serikali nchini Kenya hustaafu akifikisha miaka 60. Huagwa kwa chai na hotuba, akakabidhi ofisi, kisha akaanza kufuatilia pensheni. Kanisani hesabu huwa nyingine, na mtaa wa Riruta, magharibi mwa Nairobi, una ushahidi wake.

Hapo ndipo ilipo seminari ya Kanisa la Kiorthodoksi yenye jina la Askofu Mkuu Makarios wa Tatu, aliyekuwa rais wa Saiprasi. Jiwe lake la msingi liliwekwa 1971, na masomo yakaanza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hapo wamesomea mapadre wa Kenya na wa nchi nyingine za Afrika.

Njia yao ilikuwa imelimwa na mzee mmoja wa Kigiriki. Padre Chrysostomos Papasarantopoulos, mzaliwa wa 1903, alisoma theolojia katika Chuo Kikuu cha Athens akiwa amevuka miaka 50, darasa moja na vijana wa rika la wanawe, kama angekuwa nao. Mwaka 1960 akafunga safari ya Uganda. Alihudumu huko, Kenya na Tanzania, na badala ya kurudi kwao kupumzika, akaingia Kongo, mjini Kananga. Huko ndiko alikofia mwishoni mwa 1972.

Anastasios Yannoulatos naye aliongoza Waorthodoksi wa Afrika Mashariki kuanzia 1981, na seminari ya Riruta ilifungua milango chini ya usimamizi wake. Mwaka 1991, akiwa na miaka 61, alitumwa Albania, ambako serikali ilikuwa imepiga marufuku dini zote mwaka 1967. Mwaka uliofuata akawa askofu mkuu, akaanza kulijenga upya kanisa lililokuwa limebaki magofu. Alikuwa bado kwenye wadhifa huo alipofariki Januari 2025, akiwa na miaka 95.

Hao walikuwa na vyeo. Kimani Maruge hakuwa na hata cheti cha darasa la kwanza. Januari 2004, akiwa na miaka 84, alivaa kaptula na soksi ndefu, akajiandikisha katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Sababu mojawapo aliitaja bila kuficha: alitaka kujisomea Biblia, maana alishuku kwamba mhubiri hakuwa akiyasema yaliyoandikwa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimhamisha, hatimaye akaingia nyumba ya wazee Nairobi na kuendelea na masomo. Mei 2009 alibatizwa Kariobangi, katika kanisa Katoliki la Utatu Mtakatifu, akachagua jina Stephen. Alifariki Agosti mwaka huohuo.

Wazee wengi hawasafiri wala hawaandikwi magazetini. Magoti yanauma, kupanda matatu ni taabu, na Jumapili hutegemea kama kuna mjukuu wa kuwashika mkono. Ndiyo maana makanisa huwa na utaratibu wa kuwafuata nyumbani: padre hupeleka Komunyo, na jumuiya ndogo ndogo husali sebuleni kwa mgonjwa.

Katika ziara hizo, mgeni naye hupata kitu: kumbukumbu za mzee. Kanisa la Kiorthodoksi nchini Kenya lilichipuka katika miaka ya 1930 kwa Wakikuyu wa vuguvugu la Karinga, waliojitenga na misheni na kujenga shule zao. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, shule hizo na makanisa yake yalifungwa na serikali ya kikoloni. Aliyekuwa mtoto wa miaka minane wakati huo sasa amepita 80. Ni yeye anayeweza kumweleza mseminari wa leo watu walisali wapi milango ilipopigwa kufuli, nani alibatiza watoto, na nani alikata tamaa akaacha. Mengi ya hayo hayamo katika vitabu vya maktaba, na mwenye kuyataka hana budi kwenda kuketi na mzee na kumuuliza.