Matangazo ya Biashara na Watoto Wetu

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kila bidhaa inajitembeza, nzuri na mbaya, na mara nyingi haimwendei mwenye fedha bali mtoto wake. Pipi, biskuti, soda, krispi na juisi za pakiti hutangazwa kwa katuni, nyimbo na vizawadi vya kuchezea. Anayelipa ni mzazi, lakini anayesemeshwa ni mtoto. Yafaa basi tujiulize: je, ni haki kumtangazia mtoto mdogo biashara? Na sheria inaweza kufanya nini?

Mtoto anaelewaje tangazo?

Mtu mzima akisikia tangazo anajua kwamba msemaji anataka kuuza. Anaweza kutilia shaka, kulinganisha bei, au kupuuza. Mtoto mdogo hana kinga hiyo. Kabla ya umri wa miaka minne au mitano, watoto wengi hawatofautishi tangazo na kipindi chenyewe. Hata akishajua kwamba hili ni tangazo, bado mtoto haelewi kwamba limetungwa makusudi ili kumshawishi. Mwaka 2004 kamati ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani ilipitia tafiti nyingi ikahitimisha kuwa watoto walio chini ya miaka minane hulipokea tangazo kama habari ya kweli.

Hapo ndipo lilipo suala la maadili. Mtu akijua kuwa anashawishiwa, ana uhuru wa kukataa. Asiyejua hana uhuru huo. Mwaka 1997 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa waraka kuhusu maadili katika matangazo. Waraka huo ulieleza kuwa matangazo yanayotumia wepesi wa watoto wa kuamini, ili wawasumbue wazazi wanunue vitu visivyo na faida, yanavunja heshima na haki za watoto na za wazazi pia.

Hasara kwa afya

Vyakula vinavyotangazwa sana kwa watoto si mihogo, maharage wala mapapai. Ni vile vyenye sukari, chumvi au mafuta mengi. Tuchukue mfano wa soda. Chupa ya mililita 350 huwa na takribani gramu 35 za sukari, yaani vijiko vya chai vinane hivi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika chakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ambayo mtu anaipata kwa siku. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,500, hiyo ni gramu 37 au 38 tu. Kwa hiyo chupa moja inakaribia kummalizia kiasi chake cha siku nzima, kabla hajanywa chai wala kula pipi.

Matokeo tunayafahamu: meno kuoza, unene usiofaa, na baadaye hatari ya kisukari. Tena fedha iliyonunua soda ndiyo ambayo ingenunua yai au maziwa.

Mfano wa Quebec

Jimbo la Quebec nchini Kanada lilichukua hatua mapema. Sheria yake ya kuwalinda walaji, iliyopitishwa mwaka 1978, ilipiga marufuku matangazo ya biashara yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 13. Sehemu hiyo ilianza kutumika tarehe 30 Aprili 1980. Ili kujua kama tangazo linawalenga watoto, sheria inauliza mambo matatu: bidhaa ni ya aina gani na ni kwa ajili ya nani, tangazo limetungwa kwa namna gani, na limetolewa saa ngapi na mahali gani.

Kampuni ya kutengeneza vitu vya kuchezea, Irwin Toy, ilikwenda mahakamani ikidai kwamba sheria inavunja uhuru wa kujieleza. Mwaka 1989 Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada ilitoa hukumu, majaji watatu dhidi ya wawili. Ilikubali kwamba uhuru huo umebanwa, lakini ikasema ni halali kuubana kwa sababu watoto wadogo hurubuniwa kwa urahisi na wanahitaji ulinzi.

Je, ilisaidia? Mtafiti Marvin Goldberg aliwalinganisha watoto wa mji mmoja, Montreal. Wale wanaosema Kiingereza walitazama zaidi vituo vya televisheni vya Marekani, ambavyo sheria ya Quebec haikuvigusa. Wale wanaosema Kifaransa walitazama zaidi vituo vya kwao. Utafiti wake, uliotolewa mwaka 1990, ulionyesha kwamba kadiri watoto walivyotazama zaidi vituo vya Marekani, ndivyo nyumba zao zilivyokuwa na aina nyingi zaidi za nafaka za asubuhi zinazotangazwa kwa watoto. Tunajifunza mambo mawili: sheria inafaa, na matangazo hayajui mpaka wa nchi.

Huko Marekani mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1978 Tume ya Biashara ya Taifa ilipendekeza kuzuia matangazo ya televisheni kwa watoto wadogo. Wafanyabiashara walipinga vikali, na gazeti la Washington Post likaikejeli tume kuwa inataka kuwa yaya wa taifa. Mwaka 1980 Bunge liliipunguzia tume madaraka, na mwaka uliofuata mpango ukafutwa.

Kulea ni kazi ya nani?

Hoja ya wapinzani ni kwamba kulea ni kazi ya mzazi, si ya serikali. Ni kweli, mzazi ndiye mlezi wa kwanza. Lakini mfanyabiashara anayemsemesha mtoto amempita mzazi na kuingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Sheria ikimzuia hainyang'anyi mzazi madaraka yake, bali inamrudishia.

Kanuni hii si ngeni kwetu. Tangu mwaka 1981 kuna Kanuni za Kimataifa zinazokataza kuutangazia umma maziwa ya kopo ya watoto wachanga na kuwagawia akina mama sampuli za bure. Tanzania imeziingiza katika sheria zake. Ikiwa tunamlinda mtoto wa miezi mitatu, kwa nini tumwache yule wa miaka mitano? Mwaka 2010 nchi wanachama wa WHO ziliyapokea mapendekezo kwamba mahali wanapokusanyika watoto, kama shule na viwanja vya michezo, pasiwe na matangazo ya vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta mengi. Chile ilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2016 pakiti za vyakula vya aina hiyo haziruhusiwi kuwa na katuni za kuvutia watoto.

Tufanye nini?

1. Tukae na watoto wanapotazama televisheni au simu, tuwaulize: "Huyu anataka tufanye nini? Atapata nini tukinunua?" Mtoto wa darasa la tatu anaweza kujifunza swali hilo.

2. Tusikubali kila kilio. Wengine husema mtoto akililia wembe mpe. Lakini jino lililooza haliwezi kurudi. Tumweleze sababu, kisha tushike msimamo.

3. Kamati za shule zifikiri kabla ya kupokea kibao, daftari au rangi ya ukuta yenye chapa ya soda au pipi. Zawadi hiyo inalipwa na afya ya wanafunzi.

4. Tangazo la redio au televisheni likivuka mipaka, tulalamike kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Maandishi ya uongo kwenye pakiti ya chakula tuyapeleke kwa Shirika la Viwango (TBS). Malalamiko ya familia kumi za jumuiya moja husikika kuliko ya mtu mmoja.

Mtoto hawezi kujitetea mbele ya watu waliosomea kushawishi. Hatuna budi kumtetea, nyumbani kwa malezi na nje kwa sheria.